Nyota Mwishoni mwa Faili

Nimeandika hivi, usiku, mezani kwake Iisalmi,
theluji ikipanda hadi kizingiti cha dirisha:

AKISEMA: kuna baridi
JIBU: Nakuwashia, Hilkka. Subiri kidogo.
KISHA: washa kipasha joto, chumba cha pili, nyuzi ishirini na mbili.

Mistari mitatu. Ilinichukua wiki,
kwa sababu mama hasemi kuna baridi.
Husema, "Nani kaacha mlango wa zizi wazi?"
Husema, "Vidole vyangu leo ni vya watu."
Mara nyingine huvuta shali tu, akanyamaza,
na kimya hakina herufi za kuingiza kwenye kanuni.

Mgonjwa haulizwi uji.
Lakini programu huuliza: uji gani, bakuli lipi, saa ngapi,
na ukisahau nukta-mkato, uji hauji.

Basi nikakaa na daftari nyuma ya mlango wa jikoni
kama karani wa mahakama, nikinakili anavyosema.
"Mansikki amekamuliwa?"
Hiyo ni saa moja jioni, birika limechemka hadi kukauka.
Mansikki ni ng'ombe. Tulimchinja nikiwa darasa la pili.
Nikaandika:

JIBU: Amekamuliwa, ndoo imejaa.
KISHA: zima jiko.

Dada yangu Raili akapiga simu kutoka Turku:
"Unaifundisha mashine kumdanganya mama."
Nikasema, jiko limezimika, Raili.
Akasema, sikuulizia jiko.

Kwa maneno yasiyo na kanuni kuna nyota,
alama moja ndogo inayomeza sentensi yoyote.
Huwekwa mwisho kabisa wa faili, kama mlinzi wa geti
anayepokea wageni wasio na barua.
Nyota yangu ya kwanza ilijibu: Sijaelewa, tafadhali rudia.
Mama akarudia. Ikajibu vilevile. Mama akarudia.
Asubuhi nilihesabu kwenye kumbukumbu, mara arobaini na moja,
"Tuomo yuko wapi?"
na Tuomo alikuwa kiwanda cha mbao, zamu ya usiku,
masikio yamezibwa, misumeno ikila misonobari.

Nikafuta Sijaelewa. Nikaandika:

AKISEMA: *
JIBU: Ngoja, namwita.
KISHA: piga simu ya Tuomo.

Usiku wa kwanza simu ilitikisika mfukoni mara mbili.
Usiku wa tatu, mara tisa.
Msimamizi Pekkarinen akatazama saa yake, akatazama mimi.
Nikajifungia stoo ya mafuta, nikasikiliza:
mama ananisomea bei ya siagi,
vituo vya treni kwenda kaskazini, Soinlahti, Sukeva,
nusu ya sala, kisha siagi tena.
Nikasema moyoni: basi, akili imeporomoka.

Jumapili nikaketi naye. Alikuwa anatetemeka.
Spika ipo palepale, kando ya bakuli la sukari.
Mama, nikamwambia, sema kuna baridi, itakuwashia.
Akanitazama kama mtoto aliyevaa viatu kinyume.

"Najua," akasema.
"Nikisema hivyo, chumba kinapata joto.
Nikimuulizia ng'ombe, jiko linazimika.
Ng'ombe yule alikufa, Tuomo, hebu kiambie kitu chako.
Nikisema upuuzi, unakuja wewe."

Nimebadilisha mstari mmoja tu tangu siku ile:

JIBU: Mansikki alikufa, Hilkka. Jiko nimelizima.

Nyota sijaigusa.
Saa tisa usiku, katikati ya harufu ya utomvu na grisi,
mfuko unatikisika, natoa vizibo vya masikio.
"Sukeva," anasema mama. "Siagi. Mwezi umevaa soksi."
Niko hapa, nasema.
"Soksi moja tu," anasema,
na nasikia, nyuma yake, kipasha joto kikianza kuguguna.
Amekiwasha mwenyewe kwanza.